Dohani ya Mowlem

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako nyumba nyingi zilijengwa kwa hesabu ya kubana, kila futi ya ukuta ikitakiwa kurejesha gharama yake kwa kodi, dohani ni kitu adimu; na aliyejaliwa kuwa nayo hujikuta amerithi suala ambalo majirani zake hawakupata kulazimika kuliwaza, nalo ni hili: ukuta mnene uliojitokeza katikati ya sebule, ukachukua nafasi ambayo ingetosha kochi zima, wenye tundu jeusi chini na bomba la mawe lililotoboa paa juu, ufanywe nini pindi moto wake ukiisha kuzimika?

Nyumba ninayoizungumzia ipo Mowlem, mtaa wenye jina lile lile la kampuni ya wajenzi iliyoasisiwa London na John Mowlem mwaka 1822. Marehemu baba aliijenga baada ya kustaafu kazi ya reli, zama ambazo upande huu wa mji ulikuwa bado na viwanja vitupu, na nyumba ya chini yenye paa la vigae haikuonekana ajabu. Msingi aliuchimba mpaka akaupita ule udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, ambao umekwisha kupasua kuta nyingi za mashariki ya Nairobi. Mawe yalikuwa ya kuchonga, ya kijivu, yaliyotoka katika machimbo ya huku huku. Na katika ukuta wa sebule unaoelekea magharibi aliwaamuru mafundi wajenge meko yenye rafu juu yake, na juu ya rafu ukuta uendelee kupanda, mpana kuliko kifua cha mtu mkubwa mara tatu, hadi darini na kutokeza juu ya vigae.

Walioijua pwani walistaajabu. Baba alizaliwa Mombasa, na mtu wa Mombasa anajua moto kuwa ni wa jikoni na wa seredani yenye ubani, wala haoni haja ya kuukaribisha katika chumba cha wageni. Walakini yeye alikuwa ameishi Nairobi maisha yake yote ya kazi, na mwili wake ulikuwa haujapata kuridhiana na mwezi wa Julai. Mji huu umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Tangu Juni hadi Agosti mawingu hulala juu yake kutwa, na usiku joto hushuka hata kufikia nyuzi 12 na chini yake, kipimo ambacho mgeni wa nchi za theluji atakiona kidogo, kwa kuwa nyumba za kwao zimezibwa na kupashwa joto, ilhali zetu ni jawabu la jua: madirisha mapana, sakafu ya saruji, matundu ya hewa juu ya kila mlango, na mawe yanayoweka baridi ya alfajiri hata adhuhuri.

Baridi hiyo haikupata kuchagua mtu, bali dohani zilichaguliwa watu. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 na kambi ikageuka kuwa mji, vilima vya magharibi na kaskazini, penye miti na udongo mwekundu, vilichukuliwa na Wazungu, na uwanda wa mashariki, wa udongo mweusi na maji yasiyopita, ukawekewa Waafrika. Ukienda leo kuitazama nyumba ya Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong, iliyojengwa mwaka 1912 na sasa ni makumbusho ya taifa, au ukipita barabara za zamani za Muthaiga na Lavington, utaona dohani juu ya mapaa kana kwamba ni jambo la lazima katika maumbile ya nyumba. Huku kwetu, Pumwani ilipopimwa katika miaka ya 1920, na hata baadaye mitaa mingine ilipojengwa, hesabu aghalabu ilikuwa ya kitanda: mwanamume mmoja, mfanyakazi, aliyedhaniwa kuwa ameiacha familia yake mashambani na atarudi huko kazi ikiisha. Kaloleni, katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyokubali kwamba Mwafrika wa Nairobi huenda ana mke na watoto. Na mwaka 1948, ilipotolewa ramani kuu ya mji, kichwa chake chenyewe kiliitangaza Nairobi kuwa mji mkuu wa koloni.

Mtu aliyehesabiwa kwa kitanda hana haja ya sebule, na asiye na sebule hana mahali pa kuweka meko ya kuotea moto pamoja na jamaa zake. Kwa hiyo naamini, na imani hii imezidi kukita moyoni kadiri nilivyozidi kulitafakari jambo hili, kwamba baba alipoweka dohani katika sebule ya Mowlem alikuwa anadai haki moja ndogo: kwamba mfanyakazi wa reli, katika mji ambao reli ndiyo iliyouzaa, aweze naye kukaa jioni katika nyumba yake, miguu ikielekezwa motoni, mke wake upande huu, watoto wake upande ule, na mgeni akipewa kiti kilicho karibu zaidi na joto. Sikumsikia kulisema kwa maneno haya. Nilimwona tu anavyopanga viti.

Naye alikuwa na ada zake. Kuni zilikuwa za mkaratusi uliokauka mwaka mzima, maana mbichi hutoa moshi mwingi na utomvu unaoganda kwenye njia ya moshi. Kabla ya kuwasha alikuwa akichoma gazeti moja juu ya tundu, ili hewa iliyolala ndani ya dohani ipate joto na kuanza kupanda. Na dirisha moja lilikuwa sharti liachwe wazi kwa upana wa kidole. Dohani haivuti moshi kwa miujiza. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, nayo hupanda, na kadiri bomba linavyokuwa refu na kadiri tofauti ya joto inavyokuwa kubwa, ndivyo mvuto unavyozidi. Lakini kila pumzi inayotoka juu yataka badala yake iingie chini, na chumba kilichofungwa kabisa huinyima dohani pumzi hiyo, moshi ukarudi kwa wenye nyumba. Dirisha lile la upana wa kidole lilituchukiza sisi watoto. Baadaye nilifahamu kwamba lilikuwa ndilo amana ya uhai wetu.

Kwa maana kila msimu wa baridi hutangazwa vifo katika nchi hii, vya watu walioingiza jiko la makaa chumbani usiku, wakafunga mlango na dirisha kwa kuogopa baridi, na asubuhi hawakuamka. Makaa mekundu hayatoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa salama. Kumbe hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya hewa ya uhai zaidi ya mara 200, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila ya kubeba kinachohitajiwa. Majiko hayo ni fahari ya mikono ya mafundi wetu, hasa yale yenye kiuno chembamba na udongo wa kuchoma ndani, yaliyoenea tangu miaka ya 1980 na ambayo nyundo za Shauri Moyo zimeyafua bila idadi. Yameokoa makaa mengi na fedha nyingi za maskini. Ila mahali pake ni penye hewa. Nalisema hili kwa kituo, kwa kuwa katika mashauri ya dohani yetu palitokea rai kwamba tundu lile lifanywe pahali pa kuweka jiko la makaa wakati wa Julai, eti kwa kuwa lina bomba juu yake, na mimi niliikataa rai hiyo moja kwa moja: dohani baridi, usiku, makaa yakiwa yanafifia, haina mvuto wa kutegemewa, na hakuna joto la sebule linalostahili kuwekewa rehani roho ya mtoto.

Basi kwa nini tusiwashe kuni kama zamani? Hapa ndipo mtaa wenyewe ulipotoa hukumu. Viwanja vitupu havipo tena. Pande zote za nyumba ile, umbali wa hatua chache kutoka kwenye ua, yamesimama majumba ya ghorofa tano na sita, yenye vyumba vya kupanga, kamba za nguo na vibaraza vyembamba ambapo wanawake huchambua mboga. Na ncha ya dohani, ambayo baba aliipandisha juu ya kila kitu kilichokuwapo, leo inaishia chini ya madirisha ya ghorofa ya pili. Upepo unaogonga kuta zile ndefu huanguka chini na kuingia katika bomba kutoka juu, hivi kwamba moto ukiwashwa moshi hurudi sebuleni kwa sehemu yake, na sehemu iliyobaki huingia katika vyumba vya watu ambao hawakuuomba, hawapati joto lake, na pengine wana mtoto mchanga aliyelazwa karibu na dirisha.

Nao watu wa upande huu wamekwisha kuvuta moshi wa kutosha. Jaa la Dandora, lililoanza kutumika katika miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, halipo mbali nasi, na takataka zake huungua zenyewe mchana na usiku. Kuna asubuhi ambazo harufu yake huingia katika nguo kabatini. Kuongeza moshi wetu juu ya ule, kwa ajili ya starehe ya jioni chache za Julai, ni kumdhulumu jirani. Wale walioleta meko ya namna hii Nairobi wenyewe walifikia hukumu kama hiyo kwao: mwezi Desemba mwaka 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ulilala juu ya London kwa siku tano, ukaua maelfu ya watu, na mwaka 1956 bunge lao likatunga sheria ya hewa safi, iliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kuukataza moshi wa majumbani katika maeneo yaliyotengwa. Moto wa kila mtu ulikuwa halali yake nyumbani mwake; moshi wake ulikuwa wa wote.

Kwa hiyo swali la moto limekwisha, na nalihesabu kuwa limekwisha kwa haki. Limebaki swali la ukuta.

Ndugu yangu mdogo, ambaye yeye na mkewe na watoto wao ndio watakaoishi katika nyumba ile pamoja na mama, ana rai iliyo wazi, wala siidharau. “Kaka,” aliniambia, “nyinyi mlikaa hapa mkiwa wanne. Sisi tutakuwa saba, na watoto wanataka meza ya kusomea. Ukuta huu umekula sebule bure.” Alikuwa amekwisha kupima: ukiondolewa, chumba kinapata nafasi ya meza na kabati, na televisheni inakaa bapa ukutani bila kumgonga mpita njia. Mama alikuwa akisikiliza. Akasema, “Mwanangu, mimi siuzuii mkono wako. Nyumba ni ya wanaolala ndani yake. Lakini muulizeni fundi kwanza, msije mkaniangushia paa.”

Fundi aliyeitwa ni mzee wa makamo, mtulivu, aliyejenga nyingi katika hizo ghorofa zinazotuzunguka, na alianza kwa kupanda darini na tochi kabla ya kutaja bei. Aliyotueleza aliposhuka yaligeuza mazungumzo yote. Kifua kile cha sebuleni ndicho kinachobeba bomba lililo darini na juu ya paa. Ukikivunja kutoka chini na kuliacha la juu, mawe yenye uzito unaozidi tani moja yatabaki yananing'inia juu ya kichwa cha aliyeketi. Aidha livunjwe lote kuanzia kileleni, jiwe kwa jiwe, na paa lizibwe kwa vigae vya aina ambayo haipatikani tena. Au liwekwe boriti la chuma, lenye mwegemeo wa kutosha katika kuta za pembeni, kwa hesabu ya mhandisi. Tena ukuta wa nyuma umefungamana nacho tangu msingini, jiwe limeingia katika jiwe, na anayekitoa hana budi kuujenga upya ukuta ule pia. Mafundi wengi, alisema, huvunja cha chini na kukiachia Mungu cha juu. Yeye hafanyi hivyo. Nilimhishimu sana kwa neno hilo, katika mji ambao umeona majengo yakiporomoka na watu wakifukuliwa chini ya saruji.

Rai ya pili ilikuwa kuziba: kujenga mawe mdomoni mwa meko, kupiga lipu, kupaka rangi, na kusahau. Ni njia nafuu, na ndiyo iliyo mbaya kuliko zote ikifanywa kwa haraka, kwa kuwa jiwe letu la Nairobi, lililotokana na majivu ya volkano ya zamani, lina vinyweleo vingi na hunywa maji. Mvua za masika zitaendelea kuingia kwa juu, zikutane na masizi ya miaka, na ule unyevu uliofungiwa usipate pa kutokea isipokuwa katika lipu mpya, ukachora madoa ya kahawia ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Dohani iliyostaafishwa nayo yataka kupumua: juu ifunikwe kwa kofia inayozuia mvua na kuruhusu upepo, masizi yapigwe brashi yote kabla, na chini kibaki kitundu cha hewa chenye wavu.

Nilipokuwa nikiyawaza haya nilikumbuka nyumba za mawe za Lamu, na naona ajabu kwamba sikuzikumbuka mapema, maana mama ni wa ukoo wa huko. Katika nyumba hizo, zilizofikia upeo wa uzuri wake katika karne ya 18, vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti la mkoko, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu. Na kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Wenyeji wa Lamu hawakuuchukia unene huo wala hawakujaribu kuupunguza. Waliuchimba. Wakafanya zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vilivyopambwa kwa lipu iliyochongwa, hasa katika ukuta wa ndani kabisa, chumba cha mwenye nyumba, na humo wakaweka sahani za Kichina, vyombo vya shaba, misahafu na vitu vya kuthaminiwa, na chumba kilichokuwa chembamba kikaonekana kina kina, na nuru haba ya uani ikapata mahali pa kukaa. Ukuta uliokuwa hauna budi kuwapo wakaufanya kuwa uso wa nyumba.

Rai yangu ikawa hiyo, na niliitoa mbele ya mama na ndugu yangu: tuiache dohani isimame, kwa kuwa inabeba uzito na kwa kuwa ilijengwa kwa nia njema, lakini tuwarudishie watoto nafasi iliyoliwa kwa kuutumia unene wake. Tundu la meko, likisafishwa na kupakwa chokaa, lina kina cha kutosha kwa rafu mbili za vitabu vya shule; pande mbili za kifua, penye vipembe ambavyo siku zote vilikuwa makao ya miavuli na ndoo, panaingia meza ya kusomea upande mmoja na kabati upande wa pili, vyote vikiishia usawa na uso wa ukuta; na juu ya rafu ya mawe, ambapo baba aliweka saa yake ya kazini, fundi atatoboa lipu na jiwe la mbele kwa kiasi kisichogusa njia ya moshi, afanye vishubaka vitatu vya chokaa kwa namna ya Lamu, kimoja kipana na viwili vyembamba. Si vya kuabudia yaliyopita. Mama amekwisha kusema kwamba kimoja atakitaka kwa kisahani chake cha ubani, na shemeji yangu, mkewe ndugu yangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, akauliza kama kingine kingefaa taa, maana kona ile ina giza watoto wanaposoma. Swali lake lilikuwa na maana kuliko nusu ya maneno yangu.

Ndugu yangu hakuridhika yote. Alihesabu tena, akaona kwamba meza inaingia, na kabati linaingia, ila televisheni haina pake katika ukuta ule. Nami nikamwambia bila ya kuficha kwamba hapo ndipo nisipotaka iwe. Mtu akiutazama moto huona pia nyuso za walio kando yake, kwa kuwa moto hauna habari mpya ya kumfanya asigeuze kichwa. Na viti vilivyopangwa kwa nusu duara kuizunguka meko vina adabu ambayo viti vilivyopangwa kama vya basi havina. Sina uadui na televisheni. Naitaka tu ikae ukuta wa mashariki, ambako mwenye haja nayo atageuza kiti chake, na mgeni aingiapo mlangoni akutane kwanza na watu. Tulilijadili hilo mpaka adhana ya magharibi, na mama akakata shauri kwa upande wangu, kwa sababu ambayo haikuwa yangu hata kidogo: ukuta wa mashariki ndio ulio karibu na soketi, naye hapendi waya kuvuka sebule.

Fundi ameanza na juu. Kofia ya dohani itakuwa ya zege jembamba lenye nondo, iliyoinuliwa kwa vipande vinne vya mawe ili hewa ipite. Kisha bati la pembeni linaloziba mahali bomba linapokutana na vigae litabadilishwa, kwa kuwa la zamani limeliwa na kutu. Kisha masizi, ambayo alituonya tufunike kila kitu kwa shuka kabla hajayashusha. Mpangaji wa ghorofa ya pili upande wa kusini, aliyemwona akiwa juu ya paa na nyundo, alifungua dirisha akauliza kama tunajitayarisha kuwasha moto Julai hii. Fundi akamjibu kwamba la, dada, hii tunaifunga, nawe acha dirisha lako wazi.